Wazee Saba kwa Ajili ya Paka Mmoja

Kama ni kucheka, cheka sasa umalize, maana sisi wa Ain Sindiyan tulicheka siku tatu nzima na hatukubakisha kitu. Wazee saba wa heshima zao, majoho mabegani na tasbihi mkononi, wanakwenda kwa mjane kuomba radhi kwa ajili ya paka! Paka, bwana! Mukhtari wetu, mkuu wa kijiji, Abu Mutlaq, mtu aliyewahi kupatanisha koo mbili zilizomwagiana damu, aliapa kwamba hajawahi kuvaa joho lake kwa ajili ya mnyama asiyeliwa wala kukamuliwa. Lakini alilivaa. Na aliyemvalisha ni Hajati Thuraya.

Ilikuwa Jumatatu, msimu wa zeituni, saa nne za asubuhi. Hajati alikuwa uani kwake, ametandaza zeituni mkekani anachambua majani. Paka wake, Zabibu, mweusi tii, alikuwa juu ya ukuta anaota jua. Upande wa pili wa ukuta huo ni kwa Nimr, kaka yake Hajati, baba mmoja mama mmoja, na kwa Nimr kuna mbwa wa kuchungia mbuzi aitwaye Dhib, jibwa lenye kichwa kama ndoo. Siku hiyo mnyororo ulikatika. Zabibu akaruka kuingia uani, Dhib akaruka nyuma yake, na kabla Hajati hajamaliza kusema bismillahi, mguu wa nyuma wa paka ulikuwa mdomoni mwa mbwa, unatikiswa kama tambara.

Aliyeokoa jahazi ni jirani wa nyumba ya chini, Umm Jalal, mwanamke mwenye kifua na sauti. Alikuja mbio na ile fimbo ndefu ya kuangushia zeituni, akamtandika mbwa mgongoni huku akimtukana yeye na babu zake wote, mpaka akaachia na kurudi kwao mkia katikati ya miguu. Hajati alivua mtandio wake, akabaki kichwa wazi mbele ya njia, akamfunga paka ndani yake na kumkumbatia. Wakapanda pikapu ya muuza mboga hadi mjini Ajlun, kwa daktari wa mifugo.

Daktari alikuwa binti mwenye mikono myepesi. Alitazama mara moja tu. "Hajati, mguu huu hauungiki. Nikiuacha utamuua. Nikiukata ataishi na mitatu."

"Kata, mwanangu," alisema Hajati. "Mimi pia nina vilivyokatwa, na nipo hapa ninakula na kunywa."

Umm Jalal alimtazama, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akafunga mdomo. Alijua anasemwa nani.

Thuraya aliolewa na Mwalimu Fahmi, mwalimu wa hesabu aliyekuja kwetu kutoka Karak peke yake, bila ndugu wala jamaa. Mungu hakuwapa mtoto. Waliishi vizuri, wakaenda Hija pamoja, na miaka sita iliyopita mwalimu akatangulia. Siku ya arobaini yake paka mweusi asiyejulikana alikotoka aliingia sebuleni, akapanda kiti cha marehemu, akajikunja, akalala. Hakuna aliyethubutu kumtoa. Kwa hiyo nyumba ilibaki na Hajati na Zabibu.

Na kaka? Hapo ndipo penye kidonda. Miaka tisa nyuma, mwezi wa Januari, Thuraya alikuwa Amman hospitalini, mumewe anapasuliwa moyo. Mama yao akafa huku kijijini, alfajiri. Nimr akapiga simu. Thuraya akasema, "Nisubirini, ninakuja." Lakini theluji ilikuwa imefunga barabara, gari likamshusha mbali, akatembea kilometa sita na viatu vya mjini. Alipofika ilikuwa alasiri. Mama alizikwa adhuhuri. Alikuta udongo mbichi umeanza kugeuka mweupe kwa theluji. Basi akaingia uani kwa Nimr, wanaume wamejaa wanapokea rambirambi, akasimama katikati yao akasema kwa sauti, "Mashahidi wangu ni nyinyi. Kuanzia leo sina kaka."

Akatoka. Na Nimr, ambaye kwa kiburi hakuna wa kumfikia isipokuwa dada yake, hakumfuata.

Neno la mbele za watu kwetu halifutiki uchochoroni. Nimr hakukanyaga tena nyumba ya dada yake. Hata mwalimu alipofariki, alibeba jeneza, alichimba kaburi kwa mikono yake, alipokea rambirambi msikitini siku tatu, lakini mlangoni kwa Thuraya hakuingia.

Mtu asiyejua atasema, si wamezoea? Thubutu! Thuraya alimsikia kila siku. Ukuta gani huo wa mawe matatu? Alijua kikohozi chake cha asubuhi, alijua akiishiwa tumbaku kwa namna anavyowatukana mbuzi, alijua goti lake la kushoto limeanza kumsumbua kwa sababu alisikia anavyoliburuta kwenye changarawe. Kaka yake alikuwa anazeeka hatua ishirini kutoka kitandani kwake, naye hakuuona uso wake ukizeeka. Alikuwa na hamu naye. Nasema wazi, maana yeye mwenyewe asingesema: alikuwa na hamu ya kumwona kaka yake mpaka mifupa inamuuma.

Kibaya zaidi ni Idi. Kwetu asubuhi ya Idi mwanamume hakai nyumbani. Anapita kwa dada zake, shangazi zake, binti zake walioolewa, nyumba kwa nyumba, anakunywa funda la kahawa, anaweka zawadi yake, anasema "kila mwaka mkiwa salama," anakwenda. Mwanamke ambaye hakupitiwa, hata akivaa hariri, siku hiyo ni yatima. Idi kumi na nane Thuraya alikaanga kahawa, akatia iliki, akavaa nguo yake nyeusi yenye darizi nyekundu, akakaa. Idi kumi na nane alisikia nyayo za Nimr na wanawe zikija njiani, zikifika mlangoni, zikipita. Kisha akamwaga kahawa kwenye shina la mnanaa, na tangu Zabibu aje, akaenda kumpa nyama.

Sasa usishangae alichofanya baada ya Zabibu kukatwa mguu. Alikesha naye kwa siku mbili akimdondoshea maziwa kwa pamba. Siku ya tatu paka alisimama, akaanguka, akasimama, akakiendea kiti cha mwalimu akichechemea. Hajati alipoona hivyo akavaa viatu, akaenda moja kwa moja kwenye baraza la mukhtari, ambako wazee wanne walikuwa wamekaa wanahesabu shanga.

"Nataka haki yangu," alisema. "Mbwa wa Nimr mwana wa Awwad amemuumiza paka wangu."

Mukhtari Abu Mutlaq alijizuia kucheka, sharubu zikamtetemeka. "Pole sana, Hajati. Nitamwambia alipe gharama za daktari."

"Sitaki pesa."

"Basi amuue mbwa."

"Mbwa ana kosa gani? Mbwa ni mbwa. Nataka jaha."

Wazee wakaangua kicheko. Jaha ni ule ujumbe wa wakubwa wanaokwenda kuomba radhi kwa niaba ya mkosaji. Wanakaa, wanamiminiwa kahawa, kila mmoja anaweka kikombe chake chini bila kukigusa, mpaka mwenye nyumba aliyekosewa aseme, "Kunyweni kahawa yenu." Akisema hivyo yameisha. Asiposema, hawanywi, na fedheha inawafuata hadi makwao. Jambo la damu hilo, la heshima za watu.

"Kwa paka, Hajati?" mzee mmoja alisema huku anafuta machozi. "Kesho kuku wa fulani akidonoa punje za fulani, tuvae majoho?"

Thuraya hakutikisika. "Mbwa aliruka ukuta wangu. Aliingia uani kwangu kwa shari, mimi mjane niko ndani, akamshika niliyempa hifadhi. Nyumba yangu imeingiliwa. Kama nyumba ya mwanamke asiye na mume haina heshima tena Ain Sindiyan, niambieni, nihame."

Kicheko kikakatika. Hapo alikuwa amewabana, maana uvamizi wa nyumba kwetu si mchezo, na alilosema lilikuwa na miguu ya kusimamia. Mukhtari alikuna shingo. "Haya, mwanamke. Jaha itakuja Ijumaa baada ya alasiri. Nimr atangoja kwake mpaka tumletee jibu."

"Atangoja kwake?"

"Sasa angoje wapi? Mkosaji haonekani machoni pa aliyemkosea mpaka radhi itoke. Umesahau desturi?"

Kweli alikuwa amesahau. Siku tatu zile, pembeni mwa paka, alikuwa amewaza jambo moja tu: Nimr anaingia mlangoni, anakaa, anashika kikombe. Hakuwaza kwamba desturi ile ile aliyokuja kuishika ndiyo itakayomfungia kaka yake nje.  Alitafuta ukuta akauegemea.

Mukhtari hakuona. Aliendelea kuhesabu kwa vidole. "Halafu, nani atatupokea? Mwanamke hapokei jaha peke yake, lazima awepo mwanamume wako wa karibu, atumiminie, aseme kwa niaba yako. Marehemu hakuwa na watu hapa." Akagundua anaelekea wapi, akaona aibu. "Basi usijali. Nitamtafuta mtu. Hata mimi mwenyewe naweza kukaa upande wako, wewe ni kama binti yangu."

Lilikuwa neno la hisani, na ingekuwa rahisi kulipokea. Ijumaa ingefika, vikombe vingenywewa, kila mtu angekwenda zake. Thuraya alijikaza kisabuni, akawatazama wale wazee wanne mmoja mmoja.

"Ahsante, mzee wangu. Lakini mwanamume wangu yupo. Nina kaka."

"Nani?"

"Nimr."

"Nimr ndiye mkosaji!"

"Najua ni nani. Mpelekee habari kwamba dada yake amedhulumiwa na hana mwingine wa kumsemea." Akaondoka kabla hawajamjibu.

Loo, kicheko cha siku zile! Dukani, msikitini, chini ya mizeituni, habari ilikuwa moja. Nimr ajiombe radhi, ajikatalie, ajibembeleze, kisha ajisamehe. Umm Jalal alikuja na bakuli la dengu akicheka tangu njiani. "Shoga, umemfanya kaka yako mume na mke wa ndoa moja! Atakaa kiti gani? Akinywa kahawa, amenywa nani?"

"Amesema nini?" Thuraya aliuliza.

"Nimr? Hakusema kitu. Mkewe anasema mukhtari alipomwambia, alimwangalia tu, akaenda kukamua mbuzi. Akarudi kukamua tena, wakati maziwa yameshaisha, maskini mbuzi."

"Hakusema atakuja?"

"Hakusema atakuja. Hakusema haji." Umm Jalal akaacha kucheka. "Thuraya, mwenzangu, na asipokuja? Wazee saba hapo, nafasi ya mwenyeji tupu. Umelifikiria hilo? Utakuwa umeaibika mbele ya kijiji kizima."

Alilifikiria, asilifikirie? Hakuwa na lingine. Alhamisi alasiri alitoa jiko uani, akaliweka karibu kabisa na ukuta, akakaanga kahawa hapo kwenye upepo, polepole, ili harufu ivuke. Upande wa pili mtu alikohoa. Thuraya alisimamisha mkono, kijiko kimeinuka, akasubiri. Hakikusikika kingine, na punje zikaanza kuungua, ikabidi azikoroge.

Ijumaa wakaja. Wazee saba, majoho, Abu Mutlaq mbele. Waliketi sebuleni kando kando ya kuta, kila mmoja akiepuka kiti cha mwalimu, ambako Zabibu alikuwa amejilaza na kisiki chake chenye nyuzi. Nafasi ya mwenyeji, karibu na mlango penye mdila wa kahawa, ilikuwa tupu. Thuraya alikuwa jikoni na Umm Jalal, nyuma ya pazia. Wazee walizungumza habari za mvua. Wakazungumza habari za mafuta ya zeituni, mwaka huu machache.  Mukhtari alitazama saa yake mara mbili.

"Hatakuja," alinong'ona Thuraya. "Nilijua. Miaka tisa, kwa nini aje leo?"

"Nyamaza," alisema Umm Jalal, na kumshika mkono.

Ndipo changarawe ikalia nje, hatua nzima na hatua ya kuburuta. Kikohozi mlangoni, cha kuwaambia wanawake wajistiri. Nimr aliingia. Alikuwa amevaa joho la baba yao. Hakumtazama mtu, alikwenda kukaa penye mdila, akamimina kahawa kwa mkono wa kushoto na kugawa kwa wa kulia, kikombe kwa kikombe, kama alivyofundishwa na baba yake. Thuraya alimwona kupitia upenyo wa pazia. Ndevu zote nyeupe! Hakuna aliyemwambia kwamba ndevu za kaka yake zimekuwa nyeupe.

Mukhtari aliweka kikombe chake chini, na wote sita wakaweka vyao. Akakohoa. "Tumekuja kwa jina la Mungu na kwa heshima ya nyumba hii, kumwombea radhi Nimr mwana wa Awwad, kwa..." Mtu mmoja akapumua kicheko puani. Mukhtari akamkata jicho. "Kwa yaliyotokea. Tunaomba utupe radhi, tunywe kahawa yetu."

Kila mtu alijua kinachofuata. Nimr angesema "kunyweni," wangecheka, mambo yangeisha.

"Kahawa haijanywewa bado," alisema Nimr.

Vichwa saba viliinuka.

"Mmenileta nimsemee dada yangu, nitamsemea. Huyo mnayemwombea namfahamu." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayebeba gunia. "Mbwa ni jambo dogo. Huyo mtu alikuwa na maiti ya mama ndani, na dada yake njiani kwenye theluji. Dada alimwambia nisubirini. Watu wakamwambia, kumheshimu maiti ni kumharakisha, wingu linakuja, kaburi litajaa. Akawasikiliza watu. Angeweza kungoja. Alasiri ilikuwa na nafasi. Mimi ningekuwa ndiye niliyefanyiwa hivyo, nisingekunywa naye hata maji."  "Sina mamlaka ya kusamehe hilo. Muulizeni mwenyewe."

Desturi haina kitu kama hicho, mwanamke kuulizwa katikati ya jaha. Lakini Abu Mutlaq, Mungu amweke, aligeuka kwenye pazia. "Hajati Thuraya. Umesikia. Unasemaje?"

Alitoka. Macho yalikuwa yamemvimba, hakuyaficha. Aliwatazama wazee, vikombe saba vinavyopoa, na kaka yake aliyekuwa anaangalia mikono yake. Neno lilikuwa mdomoni. Alikuwa ameshamsamehe zamani, miaka mingapi sijui, labda tangu jeneza la mwalimu lilipokuwa begani kwa Nimr. Lakini aliona pia kitakachofuata. Atasema kunyweni, watakunywa. Watasimama, na mwenyeji atasimama nao, kesi imeisha, joho litarudi kabatini, na yeye atabaki na ukuta.

"Sisamehi," alisema Thuraya.

Umm Jalal alipiga yowe jikoni.

"Leo sisamehi," alisema tena. "Jambo hili ni zito. Rudini Ijumaa ijayo. Na kaka yangu aje kuwapokea."

 Mukhtari alimtazama yeye, akamtazama Nimr, na uzee wake wote ukamsaidia kuelewa. "Na Ijumaa ijayo, Hajati? Utasamehe?"

"Tutaona."

"Nina magoti mabovu, mwanamke."

"Nitakuwekea mto."

Basi waliinuka, wazee saba bila kahawa, jambo la aibu kubwa, na hakuna hata mmoja aliyekasirika. Mwenyeji huwa wa mwisho kutoka, kwa hiyo Nimr alibaki. Alikusanya vikombe, akavimwaga kimoja kimoja, akavipanga kwenye sinia, akavipanga upya. Thuraya alisimama mbele yake. Kulikuwa na swali alilolibeba miaka tisa, na hakukuwa na mtu mwingine duniani wa kumuuliza.

"Mama alikuwaje? Uso wake."

Nimr aliweka kikombe cha mwisho. "Kama mtu aliyekasirika kidogo. Unajua alivyokuwa akikunja paji. Kabla hatujamfunika nilimwinamia sikioni, nikamwambia, Thuraya yupo njiani, mama, barabara imefungwa."

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia."

Thuraya alijifunika uso kwa mtandio. Hakumgusa, wala kaka hakumgusa, hawajui kufanya hivyo watu wale. Nimr alisubiri mpaka mabega yake yalipotulia, kisha akachukua fimbo yake.

"Ijumaa nije saa ngapi?"

"Wazee watakuja alasiri," alisema Thuraya. "Wewe njoo asubuhi."